Saa za Mwanafunzi wa Mkolani Zinaishia Wapi

Ukizipiga hesabu kwa kalamu na karatasi, saa za mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania hazitishi. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu inataka krediti zisizopungua 360. Hizo ni krediti 120 kwa mwaka, yaani saa 1,200. Zigawe kwa wiki thelathini na kitu za semista mbili, utapata saa 35 hadi 40 kwa wiki, na humo kila kitu kimo: vipindi, maktaba, asaimenti, kujisomea, hata mtihani wenyewe. Karani wa halmashauri anafanya kazi saa kama hizo na jioni anakaa barazani.

Sweden inadai zaidi. Mwaka wa masomo kule ni pointi 60 katika wiki 40, na kila wiki inahesabiwa kuwa saa 40. Jumla ni saa 1,600. Kwa karatasi hizi mbili, anayestahili kulalamika kwamba hana muda ni mwanafunzi wa Uppsala. Lakini mtafute kijana aliyepanga chumba Mkolani na anayesoma Malimbe, umwombe nusu saa ya mazungumzo. Atakwambia yuko bize, atakupa ahadi ya kesho, na kesho atakuwa bize vilevile. Hadanganyi. Saa anazo, ila zimekatwakatwa. Ni kama chenji: mfuko unalia kama njuga, lakini hazinunui kitu kizima. Na mikono inayozikata mara nyingi haitoki chuoni.

Tuanze na mahali penyewe. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) kimekaa Malimbe, kando ya ziwa, kusini mwa jiji la Mwanza. Kilianza mwaka 1960 kama taasisi ya mafunzo ya jamii Nyegezi chini ya Kanisa Katoliki, kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Hosteli za chuo hazikujengwa kwa umati unaosoma hapo leo, kwa hiyo wanafunzi wamefurika mitaani: Malimbe penyewe, Sweya, Nsumba, Luchelele, Nyegezi, na wengine wamevuka hadi Mkolani, kwenye barabara kuu ya Shinyanga. Anayepanga Malimbe analipa ukaribu wa darasa. Anayepanga Mkolani analipa ukaribu wa lami, wa soko na wa daladala za mjini, na mara nyingi anapata chumba kikubwa kwa kodi ileile. Tofauti anailipa kwa miguu, au kwa bodaboda siku ya tesiti.

Kila geto, yaani chumba cha kupanga cha mwanafunzi, lina sheria zake, na ya kwanza ni maji. Mgeni hucheka akisikia shida ya maji Mwanza, maana Ziwa Victoria, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, linaonekana kutoka kwenye mawe ya kila kilima. Jiji lilitegemea chanzo cha Capripoint kwa miaka mingi huku watu wakiongezeka upande wa kusini. Chanzo kipya cha Butimba, kilichojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, kimeleta nafuu ambayo mtu wa haki hawezi kuikana. Lakini Mwanza ni mji wa miamba. Nyumba inavyopanda mlimani ndivyo presha inavyoshuka, na vyumba vya bei nafuu ndivyo vilivyopanda. Basi mwanafunzi anabeba ratiba mbili kichwani, ya vipindi na ya bomba, na zinapogongana bomba hushinda. Kipindi unaweza kuazima daftari la mwenzio. Maji yakikatika hujayakinga, utanunua madumu kwa hela ya bando.

Ya pili ni chakula, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo penye siri kubwa. Mwanafunzi wa Sweden naye anajipikia, tena jiko ni la ukoridoni, la watu wengi. Lakini anapika Jumapili chungu kikubwa, anagawa kwenye vibakuli, anaweka kwenye friji, na mchana wa Jumanne anapasha moto chuoni kwa dakika mbili. Geto la Mkolani halina friji. Kwa hiyo kila mlo unaanzia sifuri: kwenda gengeni, kununua nyanya za leo na mafuta ya kupima, kuchagua dagaa, kuwasha, kusonga, kuosha. Maharage yanakula gesi, na mtungi mdogo ukiisha katikati ya wiki ya mtihani ni msiba. Ndiyo maana utakuta vijana watatu au wanne wamechanga chungu kimoja, zamu kwa zamu. Walimu wa uchumi wangeweza kuwatumia kama mfano wa mgawanyo wa kazi: anayepika leo anaokoa jioni ya wenzake watatu. Mfumo huu huvunjika kwa mtu mmoja anayekula na hapiki, na kila kundi linaye.

Mamantilie ndiye njia nyingine. Sahani ya wali maharage inauzwa pamoja na saa nzima ambayo hukuipika, na mwenye hela kidogo anajua anachonunua. Mwisho wa boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, mteja huyohuyo anarudi kwenye ugali wa kujisongea. Kwa hiyo muda wa kusoma unapungua sawasawa na pesa, tena wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu mwisho wa boom na mwisho wa semista vina tabia ya kukutana.

Kufua sitakawia nako. Jumamosi, beseni, kamba ya wote, jicho moja kwenye nguo. Kule Ulaya Kaskazini mashine iko chini ya jengo na unaandika jina lako kwenye zamu.

Ya tatu ni pesa, nayo ina kalenda zaidi ya moja. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa fedha ya kujikimu kwa hesabu ya siku. Ilikuwa shilingi 8,500, ikapandishwa hadi 10,000. Fedha hiyo haiji kila siku wala kila mwezi. Inakuja kwa mafungu, ikisubiri majina na kusaini, na wiki ya kusubiri ni wiki ambayo hakuna anayesoma kwa utulivu: uvumi unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mtu anakopa kwa ahadi, muuza genge anaanza kuuliza kwa sauti ya upole inayotisha.

Ambao hawakupata mkopo, au walipata nusu, wanaishi kwa kalenda ya wazazi wao, na Kanda ya Ziwa kalenda hizo hazifanani. Mzazi wa Simiyu au Shinyanga anayetegemea pamba hushika hela soko likifunguliwa, katikati ya mwaka. Chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, wakati hela ya pamba imeshanunua mahindi na kulipa madeni, na mkulima yumo shambani akipanda tena. Mzazi wa Ukerewe anayeishi kwa dagaa anafuata mwezi wa angani: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hulala pwani. Kuna wanafunzi ambao ada yao hupanda na kushuka na mwezi, na sijui ofisi ya ada ya chuo chochote iliyoliweka hilo kwenye mfumo wake. Mwanafunzi wa namna hii hutumia siku nzima akifuatilia malipo, akiandika barua ya kuomba muda, akipanga foleni ili jina lake liruhusiwe kuingia kwenye mtihani. Siku hizo hazimo kwenye krediti 120.

Sweden fedha ya mwanafunzi hutoka kwenye taasisi moja, CSN, kila mwezi, kwa kawaida tarehe 25. Takriban theluthi moja ni ruzuku isiyorudishwa, iliyobaki ni mkopo. Raia halipi ada. Sisemi hivi ili tuoneane wivu. Nasema kwa sababu tarehe inayojulikana ni muda uliookolewa: anayejua hela itaingia tarehe 25 hahitaji kukopa, kuuliza wala kukisia.

Tena tusiipambe Sweden kupita kiasi. Tangu mwaka 2011 wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa ada, na Mtanzania anayekwenda huko bila ufadhili anaweza kuishi roho juu kama yuko Mkolani, ila kwa baridi. Wengi wa Afrika Mashariki wamekwenda kwa ufadhili, wa Taasisi ya Sweden kwa shahada ya pili, au kwa mpango wa Sida, shirika la misaada la Sweden, uliosomesha wahadhiri wetu wa Dar es Salaam na Muhimbili kwa mtindo wa kwenda na kurudi, miezi kule, miezi nyumbani. Kule chumba cha mwanafunzi katika miji mikubwa hupatikana kwa foleni inayohesabiwa kwa siku ulizojiandikisha, na jua la Desemba jijini Stockholm huzama kabla ya saa tisa alasiri. Mtu anaweza kuwa na saa nne nzima za kusoma na asiwe na wa kumwambia amechoka. Hilo Mkolani halipo. Hapa tatizo ni kinyume chake: mlango unagongwa.

Kuna dai moja linalorudiwa na wazee wetu wasomi, nalo lina sauti kubwa kwenye vikao: vijana wa leo wanalalamika bure, sisi tulisoma bila simu wala intaneti na tukafaulu. Ni kweli walisoma. Lakini nani alikuwa akiwapikia? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha miaka ya 1970 kiliwalaza wanafunzi kwenye mabweni ya Mlimani, kikawalisha kwenye kafeteria, na serikali ikalipa. Walikuwa wachache, na taifa lilinunua muda wao ili wasome. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja sera ya kuchangia gharama, kisha vyuo vikaongezeka, vya serikali na vya binafsi, na idadi ya wanafunzi ikapaa. Ni jambo jema: mtoto wa mvuvi wa Ukerewe asingeingia kwenye chuo kile cha wachache. Lakini gharama ya kupika, kuchota, kufua na kusafiri haikufutika. Ilihama kutoka bajeti ya serikali hadi kwenye saa za mwanafunzi. Kwa hiyo ukitafuta mwanafunzi anayefanana na yule wa Uppsala, usimtafute Malimbe ya leo. Mtafute Mlimani ya mwaka 1975. Profesa anayewaambia vijana wajitume alikuwa, kwa maana hii, Msweden.

Upande wa chuo nao una mchango wake, tusiwatwike wenye nyumba na bomba kila kitu. Katika mfumo wa Sweden kozi nyingi husomwa moja baada ya nyingine: unaimaliza, unafanya mtihani, unaingia inayofuata. Ratiba hutoka mapema, na desturi ya zamani ni kipindi kuanza robo saa baada ya saa iliyoandikwa, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayechelewa kwa ajili yake. Kwetu kozi sita au saba zinakwenda sambamba semista nzima, kila moja na asaimenti yake, kazi yake ya kikundi na tesiti yake, zote zikiangukia wiki ileile. Kisha kipindi cha asubuhi kinahamishwa. Ujumbe wa CR, mwakilishi wa darasa, unaingia saa nne usiku: mhadhiri amesafiri, tutafidia Jumamosi. Kwa anayelala hosteli hiyo ni habari njema, atalala. Kwa wa Mkolani aliyeishiwa bando, habari anaikuta mlangoni mwa ukumbi, ameshalipa nauli, ameshasimama kwenye daladala za kutoka Buhongwa zinazofika Mkolani zimejaa. Sasa ana saa mbili tupu asizozipanga, ambazo hazitoshi kurudi nyumbani wala hazimkuti na kitabu mkononi. Wiki yenye mabadiliko matatu kama hayo imeharibika bila mtu yeyote kufanya kosa kubwa.

Halafu kuna lugha. Kufundisha ni kwa Kiingereza na vitabu ni vya Kiingereza, kwa kijana ambaye shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili na nyumbani huenda ni Kisukuma, Kikerewe au Kihaya. Ukurasa mmoja husomwa mara mbili: kwanza kujua umesema nini, kisha kujua maana yake. TCU inahesabu saa 10 kwa krediti, na hesabu hiyo haiulizi lugha. Ndiyo maana vimbweta vya chuo, viti vya nje vya kujisomea, havipoi. Pale jioni, aliyeelewa anawaeleza wenzake kwa Kiswahili kile kilichosemwa asubuhi kwa Kiingereza, na sheria ya mikataba au nadharia ya habari ghafla inakuwa jambo la watu. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ufundishaji wa chuo chochote cha Tanzania inafanyika kwenye diskasheni hizo, bila mshahara na bila kuhesabiwa. Msweden naye hupewa vitabu vya Kiingereza, lakini shahada ya kwanza kwa kawaida hufundishwa kwa Kiswidi, na lugha ya mhadhiri ni ileile aliyojifunzia kusoma.

Diskasheni hizo zina mlango mwembamba kwa wasichana. Zinanoga usiku, na usiku ndio wakati ambao binti aliyepanga Mkolani anapima njia, taa na pesa ya bodaboda kabla ya kupima mada. Wengi hukata shauri la kuondoka saa moja, wakati nondo, hoja zenyewe, ndiyo kwanza zinashuka. Huyo huyo ndiye ambaye katika chungu cha kuchanga zamu yake huja mara nyingi kuliko ya wavulana, kwa sababu zisizoandikwa popote.

Mtu anaweza kuuliza kama yupo Mwanza mwanafunzi ambaye ubize wake unatoka kweli kwenye masomo. Yupo, panda mlima wa Bugando. Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi kilianza mwaka 2003 kikiwa tawi la SAUT, pembeni ya hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Miaka mitano ya udaktari kule inaendeshwa na wodi: mgonjwa hahamishwi hadi Jumamosi. Siku ni ndefu na nzito, lakini ni nzima, na mwanafunzi akisema hakulala unajua alikuwa wapi. Yule wa Malimbe akisema hakulala, itabidi akueleze kuanzia kwenye bomba.

Na wapo ambao Mkolani ni kwao kabisa: mwalimu wa sekondari anayejiendeleza, karani, mama wa watoto wawili anayesoma jioni baada ya kazi. Hao hawajiiti bize. Wana familia inayowapikia, au wao ndio wanaopika kwa ajili ya familia, na wanashangaa kusikia vijana wasio na mtoto wakilalamika. Ukiwauliza wanasoma saa ngapi, wengi watakutajia alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Saa hiyo hakuna anayeikata.

Biashara za wanafunzi huonekana kwa wazazi kama utoro. Mmoja anauza mitumba ya kuchagua, mwingine anasuka nywele, mwingine anafundisha tuisheni ya hisabati, wa uandishi wa habari anajitolea redioni akitumaini atakumbukwa. Starehe nazo zipo, Simba na Yanga zipo, mikeka ya kubeti ipo na imewala watu boom zima siku moja. Sikatai. Ila nikilinganisha, saa zinazokwenda kwenye mpira huwa mtu amechagua. Zinazokwenda kwenye foleni hakuchagua.

Je, nini kingerudisha saa? Mambo mengine yameshatokea bila kuitwa sera ya elimu. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita kama tatu, lilifunguliwa Juni 2025, na mwanafunzi wa Sengerema, Geita au Bukoba anayeshukia stendi ya Nyegezi hangoji tena kivuko. Aliyewahi kulala Busisi mizigo kichwani siku ya kufungua chuo anajua ukubwa wa zawadi hiyo. Kumbi za kusomea zinazofungwa usiku wa manane badala ya jioni, na taa kwenye njia ya kutokea Malimbe hadi barabara kuu, zingewapa wasichana saa ambazo wavulana wanazo tayari. Ratiba isiyobadilishwa ingekuwa nafuu kuliko vyote, haigharimu hata saruji.

Pendekezo linalosikika zaidi ni kugawa boom kila mwezi, kama Sweden. Nililiunga mkono hadi nilipoliangalia kutoka upande wa mpangaji. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, kabla hujaingiza godoro. Fungu kubwa la boom linaliwa na kodi hiyo siku linapoingia, na ndiyo sababu wanafunzi wenyewe hawana haraka ya kuletewa kidogokidogo. Gawa boom kila mwezi bila kugusa kodi, na kijana wa Mkolani atalazimika kukopa ili apate pa kulala, kisha atumie semista akilipa deni. Kwa hiyo wa kwanza kukaa naye mezani ni mwenye nyumba, na hapa chuo kina nguvu ambayo mwanafunzi mmoja mmoja hana: kinaweza kuwaletea wapangaji mamia kila Novemba, mwaka baada ya mwaka, kwa masharti ya kodi ya mwezi na tenki la maji uani.